Fisi katika Kitabu cha Mapokezi

Mbele ya kuingia hospitali nilifanya kazi ya mbuzi. Watu wakisikia hivi wanafikiri nilikuwa muchungaji. Hapana. Nilikuwa kijana pale Simi-Simi, kwenye uwanja wa ndege wa zamani, na kazi yangu ilikuwa kutoa mbuzi kwenye njia kabla ndege haijashuka. Mbuzi walikuwa wa wakubwa, kwa hiyo kuwapiga ilikatazwa. Ndege nayo ilikuwa ya wakubwa zaidi. Mimi nilisimama katikati na fimbo ambayo sikuruhusiwa kuitumia.

Mbuzi ukimufukuza kutoka nyuma anakimbia mbele, tena katikati kabisa ya njia, kwa sababu pale hakuna majani ya kumushika miguu. Nilichukua karibu mwezi kuelewa jambo hilo, na nililielewa kwa kuanguka. Unatakiwa upite mbali, uende upande ule mwingine, uiname, ujifanye una kitu unakula. Atakuja mwenyewe kuangalia. Wenzangu wawili hawakuelewa hata baada ya mwaka, na mumoja wao leo ni mukubwa wa kitu fulani muji huu, kwa hiyo akili ya mbuzi haihitajiki kwa kila kazi.

Sasa, siku moja kwenye njia hapakuwa na mbuzi. Palikuwa na mutu. Alivaa koti bila shati, anatembea katikati ya njia, anahesabu hatua zake kwa sauti. Ndege tulikuwa tunaisikia tayari. Watu walipiga kelele, mwanajeshi mumoja alipiga filimbi, na yule mutu akazidi kwenda mbele, kama mbuzi wangu. Mimi nilizunguka mbali, nikaja kando yake, nikatembea naye. Nikamuuliza, "Umefika ngapi, papa?" Akasema, "Mia ine na kumi na mbili." Nikasema, "Mia ine na kumi na tatu," na kila hesabu nilisogea kidogo upande wa majani, naye akasogea ili asiniache na hesabu yake. Tulipofika mia ine na hamsini tulikuwa ndani ya majani, na ndege ikapita.

Muuguzi mumoja alikuwa pale anangojea katoni ya dawa kutoka Kinshasa. Papa Lambert. Mutu mufupi, tumbo mbele, viatu safi kuliko uwanja wote. Aliniita.

"Wewe kijana wa mbuzi. Unajua kusoma?"

"Kidogo, papa."

"Kidogo ya namna gani?"

"Darasa la tatu. Halafu mwalimu alikufa."

"Inatosha. Kuja kesho kwetu, kwa wagonjwa wa akili. Kule tunatafuta mutu anayeweza kutembea polepole."

Bon. Ndivyo nilivyoingia hospitali, na sikutoka mpaka mwaka huu waliponipa karatasi ya kupumzika. Nilikuwa mutu wa mikono: kusafisha, kubeba, kushika, kufunga, kufungua, na baadaye kuandika kitabu cha mapokezi. Mambo ya vyeo na mishahara sitasema, kwa sababu hadithi fupi haina haja ya karatasi. Ninaandika kwa ajili yenu vijana muliobaki pale, zaidi ninyi wa paviyo ya wamama, ile nyumba ndefu ya wagonjwa wanawake. Mwaka huu wazee wanaletwa wengi kuliko zamani, na ninyi munaniuliza kila nikipita: Papa Ramazani, wazee wanataka nini?

Siku yangu ya kwanza nilipigwa ndala. Nilikuwa ninapangusa sakafu, nikaingiza tambara chini ya kitanda cha mama mumoja muzee, akavua ndala akanipiga nayo hapa, juu ya sikio. Nilienda kulalamika kwa Papa Lambert. Yeye aliuliza, "Ulipiga hodi?" Nikasema, "Hodi wapi, papa? Hakuna mulango, ni kitanda." Akasema, "Kile kitanda ndiyo nyumba yake yote iliyobaki. Umeingia chumbani kwa mama ya watu na tambara chafu. Amekuhurumia, ana ndala mbili."

Tangu siku ile nilipiga hodi miguuni pa kila kitanda, miaka yote. Vijana wa mazoezi ya uuguzi walinicheka. Wacheke. Mugonjwa muzee anayekuambia karibu, umeshapata nusu ya dawa yake.

Vyombo vyangu vilikuwa ndoo, funguo saba ambazo mbili zilikuwa za milango isiyokuwepo tena, na vitambaa. Vitambaa, ninyi munavijua: shuka la zamani linachanwa upana wa viganja viwili, kwa kufunga mikono ya yule anayetaka kujiumiza. Kuchana na kuvifua ilikuwa kazi yangu. Nitawaambia ukweli: kijana ukimufunga, kesho anakuomba sigara. Muzee ukimufunga, ngozi ya mukono wake ni kama ganda la kitunguu, na hata ukifungua mapema, mwenyewe anabaki amefungwa. Hatakutazama tena. Kwa hiyo nilikuwa ninafunga wazee mwisho kabisa, na mara nyingi nilipoteza funguo ya kabati ya vitambaa. Shefu mumoja alinishangaa, maana funguo nyingine hazikupotea.

Wanachotaka si kikubwa. Kulikuwa na muzee mumoja, zamani alikuwa dereva wa treni ya Ubundu, alitaka tu kiti. Si mukeka, si ukingo wa kitanda. Kiti chenye mugongo, kitazame langoni. Tulimuandikia dawa ya kumutuliza wiki mbili kabla mutu hajafikiria kiti. Wengine hawataki kuoga kwenye mustari pamoja na vijana wanaovuta bangi. Wengine wanachukia kupigiwa kelele kama viziwi. Mumoja aliniambia, "Nimekuja hapa na kichwa, lakini munanipima damu, mukojo, moyo, na kichwa hakuna anayekiuliza." Nilicheka, lakini nilimuletea muuguzi.

Donc, ya mama wa kitanda cha sita. Hii ndiyo niliyotaka kuandika, hayo mengine yamejiingiza.

Aliletwa siku ya mvua kubwa. Asubuhi ile tulipokea wagonjwa wane, na wa tatu alikuwa ameshavunja kioo. Mimi nilikuwa mezani na kitabu. Akaja kijana wa miaka thelathini hivi, amelowa mpaka soksi, na nyuma yake, juu ya toleka, baiskeli ya kubeba watu, mama muzee amejifunika kitenge kichwani mpaka kidevuni. Kijana alikuwa fundi wa radio. Nilimuuliza jina la mama. Hakunijibu. Akatoa kadi ya mama ya kupigia kura, akaiweka mbele yangu, akaangalia pembeni. Nikanakili jina. Hapo ningepaswa kuelewa. Mutu muzima hawezi kutaja jina la mama huyu kwa kinywa chake, kwa nini? Lakini kioo kilikuwa kimevunjika, na mimi nilitaka kumaliza ukurasa.

Ninyi munajua kanuni ya pale kwetu: hakuna kulala bila garde-malade, yule mutu wa jamaa anayekaa na mugonjwa, anamupikia, anamuosha, anaangalia ameze dawa. Nikamuuliza kijana, "Wewe ni nani yake?"

Akapangusa maji usoni. Halafu: "Mimi ni mutoto yake."

Katika kile kitabu, safu ya ujamaa wanataka Kifaransa. Ya mutoto mwanaume ninaijua, ni "fils," lakini mukono wangu umeandika Kiswahili tangu darasa la tatu. Niliandika "fisi". Kesho yake Madame Julienne, mukubwa wa paviyo, alisoma kitabu mbele ya wote.

"Papa Ramazani, huyu mama ameletwa na fisi?"

Walicheka mpaka mufagiaji wa nje akaja kuuliza kuna nini. Nami nilicheka. Kosa lenyewe halikuwa hilo.

Siku ya kwanza mama hakula. Ya pili hakula. Alikuwa amelala, uso ukutani, kitenge juu ya kichwa, na akisikia hatua za yule kijana anakivuta zaidi. Dokta alikuwa kijana muzuri wa Bukavu, mwenye subira. Alimuuliza leo ni siku gani, yuko muji gani. Mama alijibu vizuri kutoka chini ya kitenge. Alipoulizwa kwa nini hali, alinyamaza. Nyumbani, yule fundi wa radio alisema, mama alikuwa anatoka kila alfajiri na nguo za mutoto wake wa kike kwenda kuzifua mutoni, nguo zilezile, safi, mpaka zikachanika. Dokta akaandika huzuni, akaandika pia kwamba labda anaogopa sumu.

Kijana naye alikuwa anasimama mulangoni. Anaweka sufuria karibu na kitanda, anarudi mulangoni, mugongo kwetu. Madame Julienne hakupenda.

"Wewe ni mutoto wa namna gani? Mama yako anaisha, na wewe unasimama pale kama muuza karanga. Kaa kitandani. Mulishe na kijiko."

"Madame..."

"Kaa."

Akakaa. Nimeona mengi katika ile nyumba, lakini hilo sijalisahau. Kijana ameketi kwenye ukingo kabisa wa kitanda, shingo imegeuka kuangalia dirisha, jasho linamushuka, na mukono mumoja umenyoosha kijiko nyuma yake bila kuangalia, kama anayelisha ukuta. Mama amefumba macho na mudomo. Lituma, ndizi ya kupondwa, inaanguka kwenye shuka. Madame alisema, "Karibu zaidi," naye akasogea karibu zaidi.

Siku ya ine mama hakuweza tena kuketi. Nilikuwa nimeona kitu kimoja kidogo: kijana akienda bombani, akirudi, kikombe cha maji kimepungua. Nilikiona, sikukifikiria. Mchana dokta alimuita Madame na mimi. Akasema, "Kesho asubuhi asipokula, tutapitisha mupira puani. Siwezi kungoja zaidi, moyo wake ni wa muzee." Halafu akaniangalia kwa huruma, maana alijua kazi ya nani. Mupira wa puani mugonjwa anauvuta, kwa hiyo mikono inafungwa.

Safari hii nilitafuta funguo ya kabati, na niliipata. Mutu anakufa, huwezi kucheza na funguo. Nilichukua vitambaa viwili, nikachagua vilivyolainika, nikaenda kitanda cha sita kupima, kwa sababu mukono mwembamba unataka kitambaa chembamba. Kijana alikuwa ameenda kuchota maji. Nikasimama miguuni.

"Hodi, mama."

Halafu chini ya kitenge: "Karibu."

Nikaketi kwenye ndoo yangu. Nikamuonyesha vitambaa, sikuvificha. Muzee umwambie. "Mama, kesho wanakuja na mupira wa chakula, wa puani. Mimi ndiye nitakufunga mikono. Sipendi. Kwa nini huli?"

"Nitakulaje?"

"Kwa mudomo, kama sisi wote."

Nikasikia anapumua. Akasema, "Wewe papa, unaweza kula mbele ya mama ya bibi uliyemuoa?"

Nikajibu mbio, bila kufikiri, "Mimi? Mungu anikinge."

Na hapo nikasikia nilichosema.

Mimi nimeoa kwa watu wa mutoni. Bokilo wangu, mama ya bibi yangu, tangu nimuoe mutoto wake sijawahi kumuona akitafuna, wala yeye mimi. Tukikutana njiani mumoja anaingia kwenye majani, na kwa kuwa yeye ni muzee, mimi ndiye ninayejua nyoka wa ile njia. Hiyo ndiyo heshima ya mukwe kwetu. Hata jina lake silitaji.

"Mama," nikasema, "yule kijana ni nani yako?"

"Bwana ya mutoto wangu."

"Na mutoto wako?"

"Tulimuzika kabla ya mvua. Alikuwa mumoja tu."

Vile vitambaa nikaviweka chini, ndani ya ndoo. "Kwa nini hukusema, mama? Siku ine."

"Niseme kwa nani? Kila anayekuja ananiuliza leo ni siku gani. Ninamwambia siku. Hakuna hata mumoja aliyeniuliza yule mukwe ni nani yangu. Na nikisema, mutamufukuza kama mbwa. Asifukuzwe. Siku ya kuja hapa sikuwa na miguu. Alinibeba mugongoni mpaka kwenye toleka. Mimi nilifunika uso, yeye alifumba macho. Tuligonga mulango mara mbili."

Nilisikia kitenge kinatikisika. Sikujua kama analia au anacheka. Nadhani vyote.

"Mumwambie aende," akasema, "lakini kwa heshima. Na mimi nisisikie."

Nikabeba kitabu mpaka kwa Madame Julienne. Alikuwa anahesabu vidonge.

"Madame, niliandika vibaya kwenye kitabu."

"Najua. Uliandika fisi, tumeshacheka."

"Hata ningeandika sawa, ni vibaya. Si mutoto yake. Ni bokilo yake, mukwe."

Madame aliacha vidonge. Yeye mwenyewe ana wakwe watatu.

"Nilimukalisha kitandani," akasema.

"Ndiyo, Madame."

"Na kijiko."

"Na kijiko."

"Nikamwambia karibu zaidi."

Mukubwa wako akijipiga mwenyewe usimusaidie.

Tukaenda wote wawili kwa dokta. Alisikiliza, akavua miwani. "Kwetu pia tuna mukwe," akasema. "Ningeelewa. Kwa nini hakuna mutu aliyeniambia?"

"Dokta, kitabu kilisema mutoto. Kitabu ni mimi."

Akavaa tena miwani, akatupa muda mpaka kesho saa sita mchana. Baada ya hapo, mupira, bokilo au hapana bokilo. Alikuwa na haki.

Shida ilibaki kanuni: bila jamaa hakuna kulala. Kitanda cha saba palikuwa Mama Asumini, mama wa Kiislamu, mucheshi, analinda dada yake muzee. Nikamuuliza kama anaweza kulinda na jirani. Akasema, "Wawili tayari wanalala na mimi, dada yangu na kikohozi chake. Ongeza." Madame akasema huyo si jamaa. Mama Asumini akasema, "Tangu juzi ninasikia anavyopumua kuliko ninyi. Andika jamaa." Madame akaandika jamaa. Mimi nikakata "fisi" kwa mustari, na kwa kuwa neno la Kifaransa la mukwe silijui, nikaandika "bokilo". Madame aliliona, akaliacha.

Ikabaki kijana. Alikuwa kwenye bomba la uwanjani, ndoo imejaa, inamwagika, naye anaiangalia tu. Nikafunga bomba.

"Ndugu, wewe si mutoto yake."

Hakushituka. "Hapana, papa."

"Ulijua kwa nini hali."

"Tangu siku ya kwanza."

"Na ukasema mutoto."

"Pale tulipoenda kwanza, zahanati ya kule kwetu, nilisema ukweli. Wakaniambia, bokilo hawezi kulinda, lete mutoto yake. Papa, mutoto yake ndiye niliyemuzika. Basi nikawa mutoto."

Nilitafuta neno, kisha likaja. "Umefanya kazi ya mutoto, umeimaliza. Sasa fanya kazi ya bokilo."

"Ni ipi?"

"Kuwa mbali."

Akacheka kidogo kwa pua. Akauliza nani atakaa naye, nikamwambia. Akasema dada yake mwenyewe anauza sokoni Tshopo, kulala pale hawezi, lakini kila asubuhi anaweza kuleta sufuria. "Anapenda lituma laini," akasema. "Na samaki ya kukaushwa ya Barumbu, lakini itolewe miiba, meno yamebaki machache. Pilipili kidogo. Na mumwambie..." Akasimama. "Hapana. Musimwambie kitu."

Akabeba ndoo mpaka mulango wa paviyo, akaiweka nje, hakuvuka kizingiti. Akapangusa ukingo wake na kiganja. Halafu akaenda mpaka langoni, akasimama pale, mugongo kwetu.

Ndani, Mama Asumini alikuwa ameshaketi kitandani na sahani.

"Ameenda?" mama akauliza.

"Ameenda," nikasema. Langoni ni mbali, si uongo.

"Hakuaga?"

"Hakuaga."

"Muzuri. Yule ni mutu."

Akashusha kitenge. Siku ine, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona uso wake: mudogo, mweusi sana, na kovu la zamani kwenye nyusi. Mama Asumini akamuegemeza, akamega lituma, mama akasema, "Lete, nina mikono," akamega mwenyewe. Tonge la kwanza lilichukua muda. La pili lilichukua muda mufupi. La tatu akauliza kwa nini chumvi ni kidogo, na Mama Asumini akamwambia hospitali si hoteli.

Mimi nilisimama mulangoni, nikiona ndani na nikiona lango. Kijana hakugeuka. Hangegeuka hata ningemuita. Kwa hiyo nilikohoa, kwa nguvu, mara moja, kama muzee mwenye kifua.

Akainua kichwa. Akanyoosha shati lake lililokuwa bado na lituma kwenye mukono. Waendesha toleka pale nje wakamuita, "Patron, twende?" naye akawakatalia kwa kiganja, akavuka barabara kwa miguu, akapita nyuma ya lori la mukaa. Dada yake alileta sufuria kila asubuhi, wiki tano, mpaka kaka ya mama alipokuja kwa mutumbwi wa injini kumuchukua. Kijana mwenyewe hakurudi.